Nadharia ya nyuzi: inachohesabu na kisichopimika bado

Walimu wetu, wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, na nyote mliofika jioni hii hapa Tanga: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Kila nadharia ya nyuzi inapotajwa, mtu huuliza: kama hakuna jaribio hata moja lililoithibitisha mpaka leo, ina faida gani? Swali ni halali. Jibu langu ni kwamba faida yake iliyo wazi zaidi imeonekana katika hisabati, na mtu yeyote mwenye subira anaweza kuikagua namba kwa namba.

Kwanza wazo lenyewe. Mji huu umelelewa na taarabu ya Black Star na Lucky Star, kwa hiyo waya wa gitaa hauhitaji utangulizi. Waya uliobanwa ncha mbili hutetema kwa masafa ya msingi, halafu mara mbili yake, mara tatu, na kuendelea. Nadharia inasema kila chembe ya msingi ni uzi mdogo mno, na aina ya mtetemo ndiyo inayoamua ni chembe gani. Mambo yalianza mwaka 1968, Gabriele Veneziano alipoona kwamba fomula ya zamani ya Euler inaeleza jinsi chembe za nguvu kali za kiini zinavyogongana. Baadaye ilibainika kuwa fomula hiyo ni ya nyuzi zinazotetema. Lakini kulikuwa na kasoro: miongoni mwa mitetemo ilijitokeza chembe isiyo na tungamo, yenye spini 2 (spini ni kipimo cha mzunguko wa ndani wa chembe), isiyo na mahali katika nguvu hizo. Mwaka 1974 Joël Scherk na John Schwarz, na Tamiaki Yoneya kwa upande wake, walitambua kuwa hiyo ni gravitoni, chembe ya nguvu ya mvutano. Tangu hapo kasoro ile ndiyo sababu kubwa ya kuishughulikia nadharia hii.

Sasa hesabu fupi, kwa sababu nadharia hii inahitaji dimensheni za ziada, yaani pande zaidi ya zile tunazoziona, na wengi hudhani zimebuniwa tu. Chukua uzi katika nafasi-wakati yenye dimensheni D. Mitetemo yake halisi ni ya pande D − 2. Kwa sheria za kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo mno, kila mtetemo hubaki na nishati hata uzi ukiwa umetulia, nusu ya namba ya mtetemo huo. Jumlisha nusu ya 1 + 2 + 3 na kuendelea: jumla haina kikomo. Sehemu isiyo na kikomo ikitengwa kwa utaratibu, kinachobaki ni −1/24 kwa kila upande. Ngazi ya kwanza ya uzi wenye ncha huru ina hali D − 2. Hiyo ni idadi ya hali za chembe moja isiyo na tungamo, kama fotoni, chembe ya mwanga. Chembe ya namna hiyo yenye tungamo ingehitaji hali D − 1. Kwa hiyo tungamo lazima liwe sifuri, yaani 1 ya ngazi hiyo na −1/24 ya kila upande zifutane: 1 − (D − 2)/24 = 0, na D inakuwa 26. Ukichagua namba nyingine, nadharia inagongana na Einstein. Ukiingiza chembe za jamii ya elektroni pamoja na supersimetria, yaani ulinganifu unaoipa kila chembe ya jamii hiyo mwenzake wa jamii ya fotoni, namba inashuka hadi 10.

Kumi ukitoa nne tunazoziona, zinabaki sita. Mwaka 1985 Candelas, Horowitz, Strominger na Witten walionyesha kuwa hizo sita zinaweza kukunjwa katika maumbo yanayoitwa ya Calabi na Yau. Mfano unaotumika sana ni kwintiki: majibu yote ya mlinganyo mmoja wa digrii ya 5 wenye herufi 5, kwa namba changamano. Tangu karne ya 19 ilijulikana kuwa kwintiki ya kawaida ina mistari nyoofu 2875 ndani yake. Mwaka 1986 Sheldon Katz alihesabu mistari iliyopinda ya digrii ya 2, ya jamii ya duara, akapata 609250. Digrii ya 3 ilikuwa kazi nzito mno.

Wanafizikia wakaja na njia nyingine kabisa. Maumbo haya huja kwa jozi: uzi ukisafiri katika moja au katika mwenzake, fizikia ni ileile, ingawa jiometri zao hazifanani. Hiyo ndiyo simetria ya kioo. Hesabu ngumu ya kwintiki hugeuka kuwa mlinganyo wa difereshali wa daraja la 4 upande wa kioo, ambao unasuluhishwa kwa mfululizo. Candelas, de la Ossa, Green na Parkes walifanya hivyo mwaka 1991, wakapata:

5 + 2875q + 4876875q² + 8564575000q³ + …

Namna ya kuusoma ni hii. Herufi q inatenganisha digrii tu: q ni ya digrii ya 1, q² ya 2, q³ ya 3. Kizidishi cha q ni idadi ya mistari. Katika q², mistari ileile imezungushwa mara mbili, basi toa 2875, ubaki na 4874000. Gawanya kwa 8, yaani 2 kwa kipeo cha 3, upate 609250, namba ya Katz! Katika q³ toa tena 2875, gawanya kwa 27, upate 317206375. Tazameni pia kwamba mgawanyo unatoka kamili bila baki. Mfululizo wa kubahatisha usingefanya hivyo.

Wakati huohuo Geir Ellingsrud na Stein Arild Strømme wa Norwei walikuwa wakihesabu digrii ya 3 kwa jiometri na kompyuta, wakapata 2682549425. Namba mbili, na moja lazima iwe na kosa. Wanahisabati wengi waliamini njia yao, kwa sababu ya wanafizikia haikuwa na uthibitisho. Kosa likapatikana katika programu ya kompyuta, na liliposahihishwa jibu likawa 317206375. Uthibitisho kamili wa fomula ulikuja baadaye, kwa kazi za Givental mwaka 1996 na Lian, Liu na Yau mwaka 1997. Nasisitiza jambo hili: wazo la fizikia ambalo halijaonekana maabara lilitabiri namba halisi za hisabati, kwa digrii zote kwa mpigo, na likawa sahihi. Tawi zima la jiometri limekua kutokana na hapo.

Katika fizikia kuna mazao pia. Mwaka 1996 Strominger na Vafa walihesabu hali za ndani za aina fulani ya shimo jeusi, wakapata entropia (kipimo cha wingi wa hali hizo) ileile ya fomula ya Bekenstein na Hawking, robo ya eneo la uso wake. Tahadhari tu: mashimo hayo yana chaji na supersimetria nyingi, si kama yale ya angani. Ninalolithamini zaidi ni la Kawai, Lewellen na Tye, la mwaka 1986. Uzi uliofungwa una mawimbi yanayokwenda kushoto na mengine kulia, kila kundi likiwa kama uzi wenye ncha. Hivyo hesabu ya mgongano wa gravitoni inajengwa kwa kuzidisha hesabu mbili za chembe kama gluoni (chembe zinazobeba nguvu kali ya kiini), ambazo ni fupi mno kuliko kuanzia milinganyo ya Einstein. Mwaka 2019 Zvi Bern na wenzake waliendeleza wazo hilo wakapata hatua mpya ya hesabu ya mashimo meusi mawili yanayokaribiana, hesabu inayohusu mawimbi ya mvutano yanayopimwa kweli.

Yasiyowezekana bado nayo yasemwe. Urefu wa uzi hukadiriwa kuwa kama mita 10⁻³⁵, na LHC, mtambo wa kugonganisha chembe ulio karibu na Geneva, unachungulia hadi takriban mita 10⁻¹⁹. Chembe za supersimetria hazijaonekana huko. Namna za kukunja dimensheni sita hukadiriwa kuwa kama 10⁵⁰⁰, na hakuna kanuni iliyokubalika ya kuchagua ulimwengu wetu kati yake. Tena, uhusiano wa Maldacena wa mwaka 1997, unaolinganisha nadharia yenye mvutano na nadharia isiyo na mvutano iliyo kwenye mpaka wa ulimwengu huo, ambao ndio maelezo kamili zaidi tuliyo nayo ya mvutano wa kwanta, unaeleweka vizuri katika ulimwengu wenye konstanti hasi ya kosmolojia, yaani namba ya nishati ya nafasi tupu. Wetu, kwa vipimo vya nyota zinazolipuka vya mwaka 1998, una iliyo chanya. Kupata maelezo ya namna hiyo kwa ulimwengu wenye konstanti chanya ndiyo kazi ambayo haijafanyika, na yeyote kati yenu anaweza kuijaribu.