Protini lezi hazingoji joto

Kosa la kudhani kwamba protini lezi, zile zinazosaidia protini nyingine kujikunja sawasawa, hungoja joto lilianzia kwenye jina. Mwaka 1962 Ferruccio Ritossa aliona kromosomu za inzi zikifura baada ya joto la kabati lao kupandishwa, na protini zilizokuja kujulikana kupitia njia hiyo zikaitwa za mshtuko wa joto. Jina likaganda. Sasa kila nikizitaja kwenye neva naulizwa: ubongo unaungua lini? Jamani, protini lezi zinafanya kazi hata sasa mnaponisikiliza.

Nirudie kisa cha panya, na mliokwisha kukisikia mnivumilie. Ni panya walioondolewa jeni ya protini lezi moja tu, CSP alfa, ile inayokaa juu ya vifuko vya kemikali kwenye sinapsi, pale neva inapopitisha ujumbe kwa seli nyingine. Wanazaliwa wazima. Wananyonya, wanatambaa, ukiwachanganya na wenzao huwatambui. Wiki mbili tatu zikipita, misuli inalegea, macho yanapoteza nuru, na wengi hawaivuki miezi mitatu. Hakuna aliyewatia joto! CSP alfa hushirikiana na mlezi mwingine, Hsc70, kuitunza SNAP-25, protini inayokishikiza kifuko kwenye utando wa seli ili kimwage kemikali zake. Ikikosa mlezi, SNAP-25 inakunjika vibaya, inavunjwavunjwa, na sinapsi inanyauka. Tena zinatangulia zile zisizopumzika, kama za seli zinazopokea mwanga jichoni.

Mtasema, basi seli itengeneze SNAP-25 nyingine. Itengeneze wapi? Neva inayofika kwenye kidole cha mguu ina mkia wa karibu mita 1, na karakana kuu iko huko juu, kwenye uti wa mgongo. Seli ya ngozi inagawanyika, na taka zake zinagawanyika nayo. Neva haigawanyiki. Protini ikiharibika kwenye sinapsi, irekebishwe hapohapo au iondolewe hapohapo.

Na si habari ya panya peke yao. Mwaka 2011 ilibainika kwamba kasoro katika jeni hiyohiyo, DNAJC5, huwaletea watu wazima kifafa na kupotewa na akili. Wanakua vizuri, wanasoma, wanaanza kazi, ndipo ugonjwa unajitokeza.

Muda umeniishia, na la klathrini, protini inayokivika kifuko koti, sijaligusa. Kwa kifupi: kifuko kikirudi ndani ya seli huwa kimevaa koti hilo, na Hsc70 ndiyo inayolivua, ikisaidiwa na protini iitwayo auksilini. Kuna watu waliozaliwa na auksilini yenye kasoro. Dalili za Parkinson huwaanza wakiwa bado watoto au vijana.