Jiwe Mikononi mwa Polisi: Picha za Dhihaka na Mfalme wa Ufaransa

Mwenyekiti, walimu wangu, wachoraji wenzangu, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, nashukuru kwa kunialika. Wanaonifahamu wanajua nitakachosema, maana nimekisema kila nilipopewa kipaza sauti. Nimechoka kuona picha za dhihaka za karne zilizopita zikitumika kujazia nafasi. Unafungua kitabu cha historia, sura inahusu Ufaransa baada ya mapinduzi ya 1830, pembeni kuna katuni ndogo kama stempu, na chini yake mstari mmoja: mfalme akidhihakiwa. Basi! Nani alichora? Nani alichapa? Iliuzwa wapi? Nani alifungwa kwa ajili yake? Hakuna neno. Mwanafunzi anairuka na kuendelea na aya inayofuata.

Serikali ya wakati ule haikuiruka. Iliisoma picha ile mstari kwa mstari, ikatuma polisi dukani, ikamshtaki mchoraji, ikamshtaki mpiga chapa, ikamshtaki na mwenye duka. Watawala waliipa uzito wote huo, halafu sisi tunaojidai kuisoma historia yao tunaifanya pambo la ukurasa. Hilo ndilo ninalogombana nalo, na leo nitagombana nalo nikiwa Paris, enzi za Mfalme Louis-Philippe. London nitaifikia muda ukiruhusu.

Tuanze na jiwe, kwa sababu bila jiwe hamtaelewa lolote. Miaka ya mwisho ya karne ya 18, Mjerumani Alois Senefelder aligundua kule Bavaria namna ya kuchapa kwa kutumia chokaa ngumu, lile jiwe laini usoni linalochimbwa Solnhofen. Kabla yake, mchoro ulichongwa kwenye ubao au kwenye bamba la shaba, kazi ya mikono ya fundi, na kazi ya kungoja. Kwa jiwe, mchoraji anachukua kalamu yenye mafuta na kuchora moja kwa moja juu yake. Jiwe linapakwa gundi iliyotiwa tindikali kidogo, kisha linaloweshwa maji. Maji yanakimbia mafuta. Ukipitisha rola ya wino, wino unashika pale tu kalamu ilipopita, kwingine unakataa. Unaweka karatasi, unapitisha kwenye mtambo, picha inatoka. Inatoka imegeuka, kulia kumekuwa kushoto, kwa hiyo mchoraji lazima aione kichwani ikiwa kinyume tangu anapoanza.

Mnaona maana yake? Jambo linatokea bungeni Jumatatu, na wiki hiyohiyo picha yake inaning'inia dirishani. Hakuna fundi wa kati wa kulainisha mkono wa mchoraji. Kila mkwaruzo wa kalamu unafika kwa mtazamaji kama ulivyotoka. Na jiwe likishamaliza kazi linasagwa uso, linakuwa safi, linachorwa tena. Honoré Daumier, mwana wa fundi vioo kutoka Marseille, aliyezaliwa 1808, alichora picha za namna hii zipatazo 4,000 maishani mwake. Elfu nne! Nawaomba wanafunzi wa sanaa wanaolalamikia kazi za muhula waikumbuke namba hiyo.

Najua kuna mtu ananingoja na swali lake la kila mara: magazeti hayo yalikuwa ghali, mfanyakazi wa kawaida hakuyanunua, kwa hiyo tusiyakuze. Ni kweli yalikuwa ghali. Gazeti la La Caricature, alilolianzisha mchoraji Charles Philipon mwaka 1830, lilisomwa na watu wenye kipato. Lakini swali hilo linasahau dirisha. Shemeji yake Philipon, Aubert, alikuwa na duka la picha katika ujia wenye paa wa Véro-Dodat, na picha mpya zilitundikwa kwenye kioo zikitazama nje. Watu walijazana pale. Hawakulipa senti. Asiyejua kusoma alisimama bega kwa bega na wakili, wote wakiangalia picha ileile, na anayejua akimwelezea asiyejua. Ukihesabu nakala zilizouzwa tu, umehesabu sehemu ndogo ya watazamaji. Polisi wenyewe hawakuhesabu hivyo. Walichokiogopa ni ule umati.

Sasa peasi. Nitalichukulia muda, mnisamehe. Wanaotoka Lushoto wanalijua tunda hili: juu jembamba, chini pana. Louis-Philippe alikuwa na mashavu yaliyoshuka, ndevu za pembeni, na shungi la nywele utosini. Aliingia madarakani Agosti 1830, baada ya watu wa Paris kupigana mitaani siku tatu mwezi Julai na kumfukuza Mfalme Charles X, na aliapa kuilinda katiba mpya iliyosema kwamba udhibiti wa machapisho hautarudishwa kamwe. Kamwe. Neno hilo lilikuwa kwenye katiba, tutalirudia.

Mwaka uliofuata Philipon alitoa picha ya mfalme akiwa fundi mwashi, akipiga lipu ukutani na kufunika maandishi ya ahadi za Julai. Akapelekwa mahakamani Novemba 1831 kwa kumtusi mfalme. Fikirini mnajitetea vipi. Angeweza kukana, kwamba yule si mfalme, ni mwashi tu. Hakukana. Alichukua karatasi na kuchora vichwa vinne. Cha kwanza ni sura ya mfalme, kila mtu anaitambua. Cha pili kinafanana na cha kwanza, ila mashavu yamevimba na mistari imepungua. Cha tatu kinafanana na cha pili, ila macho na mdomo sasa ni mikunjo tu kwenye kitu cha duara. Cha nne ni peasi na kikonyo chake.

Hoja yake ilikuwa hivi: mnasema kosa langu ni kufanana. Haya, kama hiki cha kwanza ni hatia kwa sababu kinafanana na mfalme, basi cha pili ni hatia kwa sababu kinafanana na cha kwanza. Cha tatu je? Na mkishafika cha nne, mtalifunga tunda? Itabidi mkamate kila peasi nchini Ufaransa, na kila kitu chenye kichwa chembamba na tako pana.

Wakamtia hatiani. Miezi sita jela na faini ya faranga 2,000. Hapa ndipo wasimuliaji wengi huishia, kwa kicheko, na hapa ndipo ninapowakatalia. Angalieni kilichofuata. Michoro ile minne ilichapwa. Peasi likaanza kuonekana kwenye kuta za Paris, likichorwa na watoto kwa mkaa na chaki. Magazeti ya Philipon yakalichora peasi likitembea, likipanda farasi, likibebwa. Mwaka 1834 gazeti lake la pili, Le Charivari, lilipoamriwa kuchapisha hukumu iliyotolewa dhidi yake, liliipanga hukumu yenyewe, maneno ya mahakama neno kwa neno, mistari ikianza mifupi na kupanuka chini, mpaka ukurasa ukawa peasi. Na ile karatasi ya vichwa vinne ikauzwa upya, imeandikwa wazi kwamba mapato ni ya kulipia faini ya faranga 6,000. Mahakama ilitoza, peasi likalipa!

Alipochora tena mnara wa peasi kubwa umesimama katika uwanja ule ambako Louis XVI alikatwa kichwa, waendesha mashtaka wakasema huo ni uchochezi wa kumuua mfalme. Philipon akajibu kwamba labda ungekuwa uchochezi wa kupika jemu.

Nasikia mnacheka, na mcheke. Lakini kuna anayenong'ona kwamba kumcheka mtu kwa umbo la uso wake ni utovu wa adabu, tena kwetu sisi mkubwa haguswi. Swali hilo nalichukulia kwa uzito, maana zipo picha za zama hizo zilizodhalilisha watu kwa rangi yao, kwa dini yao, kwa ulemavu wao, na hizo sitazitetea mbele ya mtu yeyote. Peasi lilikuwa jambo jingine. Kufikia 1832 halikuwa tena mashavu ya mzee mmoja. Lilikuwa alama ya utawala mzima: mawaziri, mabenki, ahadi zilizopigwa lipu. Aliyelichora ukutani alikuwa anasema "mliapa", na hakuna sheria iliyoweza kumkamata kwa kuchora tunda.

Daumier naye aliingia jela. Desemba 1831, wakati bunge likibishania fungu la kumtunza mfalme, alichora picha aliyoiita Gargantua, jina la jitu lafi la hadithi za Kifaransa. Mfalme ni jitu limeketi kitini. Kutoka ardhini mpaka mdomoni mwake kuna ubao mrefu kama ngazi, na juu yake watumishi wanapanda na vikapu vya fedha kumwagia kinywani. Chini kulia kuna maskini waliokondeana wakitoa sarafu zao za mwisho, mama mmoja akiwa na mtoto mchanga. Na chini ya kiti (kiti chenyewe mnaelewa ni kiti cha aina gani) zinadondoka nishani na barua za uteuzi, zikiokotwa na wakubwa waliojikusanya pale. Picha moja, na mzunguko wote wa kodi na upendeleo umekamilika. Daumier alihukumiwa miezi sita na faini ya faranga 500, pamoja na Aubert na mpiga chapa Delaporte. Jiwe likaamriwa liharibiwe. Naomba mlishike hilo: waliona haitoshi kukamata karatasi.

Halafu ikaja Aprili 1834. Kulikuwa na ghasia Paris, ofisa mmoja akapigwa risasi, na askari wakaamini imetoka katika nyumba namba 12, mtaa wa Transnonain. Wakaingia usiku, wakaua wakazi chumba kwa chumba. Daumier hakuchora peasi. Hakuchora mfalme wala askari. Alichora chumba baada ya askari kuondoka. Mwanamume wa kanzu ya kulalia na kofia yake ya usiku ameteleza kutoka kitandani, mgongo umeegemea godoro, miguu wazi imenyooka kuelekea kwetu. Kwa kasi unaweza kudhani amelala amelewa. Kisha unaona chini ya mwili wake kichwa cha mtoto mdogo, damu imetapakaa sakafuni. Kushoto gizani mwanamke amelala, amekufa. Kulia, ukingoni kabisa, kichwa cha mzee. Kiti kimepinduka. Hakuna maelezo zaidi ya jina la mtaa na tarehe.

Waulizeni walimu wenu wa historia kama wana ushahidi bora kuliko huo wa jinsi raia alivyoisikia habari ile. Picha ilitolewa kwa wanachama wa mfuko ambao Philipon aliuanzisha kwa ajili ya kulipia faini: kila mwezi picha moja kubwa. Ilipotundikwa dirishani kwa Aubert umati ukafurika, na polisi wakazikamata nakala walizozipata, na jiwe.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi nikimbie.

Julai 28, 1835, mtu aitwaye Fieschi alimrushia mfalme risasi za mtambo wa mitutu 25 akiwa kwenye msafara. Watu 18 wakafa, mfalme akapona. Serikali ikapata sababu. Septemba 9 ikapitisha sheria: hakuna picha itakayochapwa bila kibali cha kabla. Na ile "kamwe" ya katiba? Waziri wa Sheria, Persil, alikuwa na jibu. Alisema katiba inalinda maoni yanayoandikwa. Lakini maoni yakigeuzwa picha yanazungumza na macho, na hapo yamekuwa kitendo. Hilo ndilo nililotaka msikie kutoka kwa waziri mwenyewe na si kwangu. Neno ni maoni, picha ni kitendo! La Caricature lilikuwa limefungwa kabla hata sheria haijapita, na Daumier akageukia kuchora matapeli, mawakili na wapangaji.

London nilitaka kuifanyia haki, siwezi. Waingereza hawakuwafunga sana wachoraji, waliwanunua. James Gillray, bingwa wa bamba la shaba aliyeishi juu ya duka la Hannah Humphrey mtaa wa St James's, alipewa malipo ya mwaka na serikali kuanzia 1797. Na 1820 mchoraji George Cruikshank alipokea pauni 100 kwa kuahidi kutomchora mfalme wa Uingereza katika hali ya aibu. Stakabadhi ipo. Na wenzetu wa Kongo watafute toleo la gazeti la Kiingereza la Punch la Novemba 1906, waone Leopold, mfalme wa Ubelgiji aliyeitawala Kongo, akiwa nyoka wa mpira, ule unaogemwa mitini, amemviringa mtu. Hiyo ilihitaji mhadhara wake.

La mwisho, kwa yule atakayesema kuwa sheria ya 1835 ilikuwa hasira ya muda tu. Utawala ulipinduliwa 1848, udhibiti ukaondoka, ukarudi 1852 chini ya mtawala mpya, Louis-Napoléon. Mwandishi wa Ufaransa aliweza kwa miaka mingi kuchapa sentensi ambayo mchoraji alikatazwa kuichora. Kibali cha picha kilifutwa kabisa Julai 29, 1881. Daumier alikuwa amefariki Februari 1879.

Maswali, tafadhali. Anayetaka kuniuliza juu ya bei ya gazeti, nimeshamjibu.