Ganda au shaba? Winchi ya tela na umeme wake

ZUWENA: Karibuni tena, wasikilizaji, sisi ni wale wale wa Mwanga, Kigoma. Leo tuna mambo matatu: kufunga winchi, ile mashine ya kuvuta gari kwa kamba, kwenye tela, kuipa umeme, na kuvuta gari bila mtu kuumia. Kaka Rajabu, naona una neno tayari.

RAJABU: Lile tela la Jumanne, Dada Zuwena. Lazima nianze nalo.

ZUWENA: La kubebea magari mabovu?

RAJABU: Hilo hilo. Limeletwa na taarifa kwamba mota ya winchi imekufa. Ukibonyeza rimoti, kisanduku cha soleneidi, ile swichi nzito ya kuwasha mota, kinalia tak-tak-tak, ngoma ya kuzungushia kamba haizunguki. Nikaweka mita kwenye vichwa vya winchi yenyewe, pale zinapofungwa waya. Kabla ya kubonyeza, volti 12.6. Ukibonyeza, 7. Mota nzima kabisa! Umeme ulikuwa umepitishwa kwenye plagi ya taa za tela, ile ya pini saba.

ZUWENA: Mungu wangu. Waya wa taa ya breki.

RAJABU: Milimita mbili na nusu za mraba, na ganda limeshaanza kulainika. Taa ya breki inakula ampea mbili. Winchi ya kilo 2,700 ikivuta mzigo wa maana inakula kama 200, na ikielemewa inasogelea 300.

ZUWENA: Hapo kwenye kilo 2,700 ngoja niweke msingi, maana watu wanakuja wakitaka ya tani tano kwa sababu tu ni kubwa. Chukua gari la kilo 1,500 na rampu yenye mwinuko wa nyuzi 15. Magurudumu yakizunguka vizuri, unahitaji mvuto wa kilo 450 hivi. Magurudumu yakiwa yameshikwa na breki, gari linaburuzwa kama gogo, unafika 1,300 hadi 1,400. Na ile namba iliyoandikwa kwenye winchi ni ya tabaka la kwanza la kamba, lile linalogusa ngoma. Ngoma ikijaa, nguvu inashuka hadi karibu theluthi mbili. Kwa hiyo 2,700 inabaki kama 1,800, na bado unavuta. Kubwa kuliko hapo ni kutafuta umeme ambao huna.

RAJABU: Na kufunga?

ZUWENA: Pleti ya milimita 8, ikae juu ya chaneli mbili kuu za tela. Si kwenye kile kibati cha mbele cha kuzuia mzigo, kile kinakunjika. Boliti za daraja la 8.8, zile zilizokuja na winchi kama zipo, pamoja na washa pana na nati za kujibana. Winchi yenyewe usiichomelee kamwe, siku ya kuifungua utalia. Ngoma iwe katikati ya tela, mbele kadiri unavyoweza, ili kamba ijipange yenyewe bila kurundikana upande mmoja. Ukiiinua juu ya mguu, weka mshikizo wa mshazari, kwa sababu kilo elfu moja na mia tatu zikivuta ncha ya mguu wa sentimita 40, ni weldi ya chini ndiyo inayoteseka. Mimi napenda iwe chini, usawa wa ndoano ya gari. Haya, sasa umeme. Unaweka waya mnene...

RAJABU: Mnene wapi? Ganda au shaba?

ZUWENA: Umeanza.

RAJABU: Nauliza kwa moyo wangu wote! Madukani kuna waya unaujaza mkono, ukiuchuna, ndani kuna unywele. Ganda milimita nne kila upande. Mtu anauza unene wa plastiki. Waya unanunuliwa kwa milimita za mraba za shaba, basi.

ZUWENA: Na kama ganda limeandikwa 35 lakini ndani siyo?

RAJABU: Unapima uzito. Mita moja ya shaba tupu ya milimita 35 za mraba ina gramu 310 hivi. Chuna kipande cha sentimita 10, kinatakiwa kiwe na gramu 31.

ZUWENA: Mzani wa gramu 31 nani anao? Labda sonara.

RAJABU: Basi usichune kidogo. Nunua mita zako, chuna mita nzima ya mwisho, nenda nayo Kibirizi kwa wauza dagaa. Mzani upo.

ZUWENA: Mama wa watu anapimia mgebuka, wewe unamletea waya!

RAJABU: Mpe heshima yake, nunua na dagaa. Lakini sikiliza, kuna jambo kubwa zaidi. Kuna waya wa alumini iliyopakwa shaba. Rangi ni ya shaba, ukikwangua uzi mmoja kwa kisu unaona weupe. Mita moja ya huo, milimita 35 zile zile, ina gramu 120 tu. Na upinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba.

ZUWENA: Na hauvumilii kukunjwa. Kwenye tela kila kitu kinatikisika, nyuzi zinakatika pale pale inapoanzia lagi, kile kichwa cha chuma cha mwisho wa waya, ndani ya ganda, huoni kitu.

RAJABU: Unaona sasa? Na lagi ibanwe kwa mashine ya kubania, siyo nyundo na patasi.

ZUWENA: Lehemu je?

RAJABU: Lehemu peke yake hapana. Kiungo kikipata moto inalainika, na pale inapoishia waya unakuwa mgumu na kukatika. Bana kwanza, kisha vika mpira wa kusinyaa kwa moto. Hasa tela linalobeba chumvi ya Uvinza, kile kiungo kikibaki wazi kinageuka kijani.

ZUWENA: Turudi njiani. Kaka, mimi nasema chota umeme kwenye betri ya gari. Waya wa milimita 50...

RAJABU: Ganda au...

ZUWENA: Shaba! Hamsini za shaba, iliyopimwa Kibirizi. Mita saba kwenda, mita saba kurudi, plagi kubwa ya ampea nyingi nyuma ya gari, fyuzi ya 250 karibu kabisa na betri.

RAJABU: Hesabu tuifanye basi. Mita 14 za milimita 50 ni kama miliomu 4.8. Kwa ampea 200 unapoteza volti moja njiani. Sawa. Lakini altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, kwenye pikapu nyingi inatoa ampea 80, labda 100. Zinazobaki zinatoka kwenye betri, nayo inashuka hadi 11.5. Toa ile moja, toa kidogo cha plagi. Winchi inapata 10 na kitu. Ikifika ampea 300 uko chini ya 10.

ZUWENA: Na inavuta.

RAJABU: Inavuta huku soleneidi inatetemeka. Volti ikiwa ndogo, koili, ile sumaku ya umeme ya soleneidi, haina nguvu ya kubana vidole vya ndani vya kupitisha umeme, vinagusana na kuachana kwa cheche mpaka vinajichomelea. Hapo unaachia rimoti na winchi haisimami! Gari linaendelea kupanda kuelekea ngoma. Ndiyo maana nasema betri ikae kwenye tela. Ampea-saa 70 hadi 100, mita mbili tu za waya kwenda na kurudi. Kwa milimita 35 unapoteza volti 0.2. Gari linapeleka waya mwembamba wa milimita 6 wa kuchaji, na fyuzi ya 30 kila mwisho.

ZUWENA: Na ukivuta, winchi itanyonya betri ya gari kupitia huo wa milimita 6.

RAJABU: Fyuzi itakatika, ndiyo, kama umeunga moja kwa moja. Weka chaja ya DC kwa DC, inayochaji betri moja kutoka kwa umeme wa gari, yenyewe haipitishi zaidi ya ampea zake.

ZUWENA: Kaka Rajabu, tela linakaa uani miezi miwili. Betri ya asidi ikikaa bila chaji, sahani zinafanya ukoko mweupe na imekwisha. Siku unaihitaji, imekufa. Kama haijaibwa.

RAJABU: Sanduku la chuma na kufuli. Wewe ndiye unayechomelea, hilo unaliweza.

ZUWENA: Sanduku sawa, na chaji? Kuvuta dakika tatu kwa ampea 200 ni ampea-saa 10. Chaja yako ya ampea 20 inataka zaidi ya nusu saa kuzirudisha. Ukienda Kasulu, vizuri. Ukitoka hapa hadi Ujiji unafika kabla haijashiba, unashusha gari, unapakia jingine.

RAJABU: Betri ya 100 inakufanyia hivyo mara tatu, nne, bila kulalamika.

ZUWENA: Ikiwa mpya.

RAJABU: Na tela lako likifungwa kwenye gari la jirani lisilo na plagi kubwa? Winchi ni pambo.

ZUWENA: Jirani aweke plagi. Mimi sijengi tela lenye kitu cha kubembelezwa kila wiki. Hapo sihami.

RAJABU: Na mimi sihami.

ZUWENA: Wasikilizaji, mmesikia. Kwa njia yoyote utakayochagua, weka mita kwenye vichwa vya winchi ikiwa na mzigo, isishuke chini ya 10.

RAJABU: Hilo nakubali. Na waya wa kurudi uwe kamili, unene ule ule...

ZUWENA: Ganda au shaba?

RAJABU: Shaba! Umenipata. Usitegemee bodi na lile tufe la chuma la kuungia tela kurudisha umeme. Pale pana grisi na kutu, ampea 200 zinapita kwa cheche, na kwa kuwa waya wa kurudi wa taa nao umeunganishwa kwenye bodi ya tela, umeme utajipenyeza humo na kuuunguza. Halafu swichi kuu ya kukata. Iwekwe ubavuni, mahali mkono unafika ukiwa umesimama nje ya mstari wa kamba. Siyo nyuma ya winchi, maana soleneidi ikigoma kuachia, hutaki kuinama juu ya ngoma inayozunguka.

ZUWENA: Hiyo swichi nzuri. Naona saa, zimebaki dakika mbili na jambo la tatu hatujaligusa. Kapi halijatajwa.

RAJABU: Kamba ya chuma ibaki mizunguko mitano kwenye ngoma, ya nyuzi za plastiki ibaki kumi. Ile skrubu ya mwisho wa kamba haikuwekwa ibebe mzigo.

ZUWENA: Na gari likishapanda, lifungwe kwa mikanda minne kwenye magurudumu. Winchi siyo ya kushikilia gari barabarani.

RAJABU: Hapo kuna sababu ya breki ya ndani ya ngoma, ile inayopata moto, na kamba ya nyuzi...

ZUWENA: Hiyo peke yake ni nusu saa, kaka. Kapi, glavu, blanketi juu ya kamba, breki ya ngoma, vyote wiki ijayo. Mwenye swali la urefu wa nyaya atuandikie urefu wa tela lake na aina ya gari linalovuta, tutamfanyia hesabu.

RAJABU: Na uzito wa mita moja!

ZUWENA: Kwaherini.