Kuchagua na Kufunga Draivu Shafti Mpya ya Gurudumu la Mbele

Ndugu watazamaji, katika video hii tutabadilisha draivu shafti, yaani fito inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi kwenye tairi, ya gari linalovutwa na magurudumu ya mbele. Nitaanza na uchaguzi kabla ya kugusa jeki, kwa sababu shafti isiyo sahihi hugundulika mara nyingi wakati gari limekwisha kufunguliwa na oili ya giaboksi imekwisha kumwagwa.

Hakikisheni kwanza kwamba tatizo ni la shafti. Mlio wa kukatika-katika unaosikika mnapokata kona huku usukani umekunjwa hadi mwisho hutoka kwa kawaida kwenye jointi ya CV ya nje, yaani kiungo kinachopinda kilicho upande wa tairi, ilhali mtikisiko unaokuja mnapokanyaga mafuta na kupungua mnapoachia huashiria jointi ya ndani, iliyo upande wa giaboksi. Tazameni pia raba buti, yaani mfuko wa mpira unaofunika jointi. Ikichanika, grisi hurushwa nje, vumbi na maji huingia, na gololi zilizomo ndani huanza kula njia zake. Buti iliyochanika mapema, kabla jointi haijaanza kulia, hubadilishwa peke yake pamoja na grisi mpya, na mimi hupendelea hivyo kuliko kuitupa shafti nzima iliyo nzima.

Mkiamua kununua, msitegemee jina la gari pekee. Magari mawili ya aina moja na mwaka mmoja yanaweza kutofautiana shafti kulingana na injini, aina ya giaboksi na kuwapo kwa ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge wakati wa kufunga breki), na shafti ya kushoto mara nyingi hailingani urefu na ya kulia. Mpeni muuzaji namba ya chesisi, na mkubaliane mapema kwamba itarudishwa isipolingana.

Sasa tuanze kazi. Gari likiwa bado limesimama juu ya matairi yake, huku breki ya mkono imevutwa, nyoosheni kwanza mdomo wa nati ya habu (nati kubwa ya katikati ya gurudumu inayoshika ncha ya shafti) uliogongwa ndani au ondoeni pini yake, kisha ilegezeni nati hiyo. Baada ya hapo inueni gari, liwekeni juu ya stendi imara na mtoe tairi. Jeki peke yake haitoshi kumlinda mtu aliye chini ya gari. Mwageni oili ya giaboksi, achanisheni boli jointi (kiungo cha gololi kilicho chini ya habu) na mkono wa chini unaoshikilia gurudumu, kisha vuteni habu nje huku mkiisukuma ncha ya shafti irudi ndani. Ikigoma, rudisheni nati hadi ilingane na ncha ndipo mgonge kwa nyundo laini, ili uzi usiharibike. Mpira wa breki usining'inizwe wala kuvutwa.

Upande wa giaboksi, tieni mtaimbo kati ya kikombe cha jointi na giaboksi, mbali na oili sili (mpira unaozuia oili kuvuja pale shafti inapoingia), mkitikise kidogo kidogo mpaka klipu, yaani ringi ndogo inayoishika shafti ndani ya giaboksi, iachie. Msiivute shafti kwa fito yake ya katikati, kwa maana jointi ya ndani itaachana ndani ya buti.

Hapa ndipo ninapoomba utulivu. Lazeni shafti ya zamani sambamba na mpya, jointi za ndani za zote mbili zikiwa zimesukumwa hadi mwisho, maana jointi hiyo huingia na kutoka na inaweza kuwadanganya kuhusu urefu. Tieni alama ya chaki kwenye jino moja la ncha ya shafti, mhesabu meno ya ncha zote mbili hadi mrudi kwenye alama. Linganisheni kipenyo cha sehemu inayopita ndani ya oili sili. Kama shafti ya zamani ina ringi ya ABS, yaani ringi yenye meno inayosomwa na sensa ya ABS, hesabuni meno yake pia. Niliwahi kufunga shafti iliyolingana kwa kila kitu isipokuwa ringi hiyo. Taa ya ABS ikawaka, nami nikalazimika kuishusha tena.

Wekeni oili sili mpya na mpake mdomo wake oili safi. Pakeni klipu grisi ili ikae katikati ya mfereji wake, kisha ingizeni shafti ikiwa imenyooka, meno yasiukwaruze mdomo wa sili. Sukumeni kwa nguvu mpaka mkono uhisi klipu imenasa. Shikeni kikombe chenyewe na mkivute taratibu: kikitoka, klipu haijakaa.

Rudisheni habu na boli jointi, mtumie nati mpya ya habu. Iwapo tundu la pini ya boli jointi halijalingana na nati, kazeni kidogo zaidi, msilegeze. Fungeni tairi, shusheni gari, kisha kazeni nati ya habu kwa spana ya torki, inayopima nguvu ya kukaza, kulingana na kitabu cha gari lenu. Kwa magari mengi madogo kipimo huwa kati ya nyutoni mita 180 na 300. Bunduki ya upepo isitumike kumalizia, kwa kuwa haipimi. Gari lisisukumwe hata hatua chache kabla nati hiyo haijakazwa, kwani beringi ya habu inaweza kuharibika.

Jazeni oili ya giaboksi ya aina iliyoelekezwa, hadi usawa wake. Endesheni polepole, mkikata kona pande zote mbili, kisha mrudi kukagua sili kwa tochi. Unyevu mpya ukionekana pale, ifungueni shafti na mtazame mdomo wa sili kabla ya safari nyingine.