Vumbi la Banda la Nguruwe

Asanteni, kaeni. Nguruwe watakuja baadaye. Nianze na mtoto mchanga.

Mwaka 2004, eneo la Nijmegen nchini Uholanzi, binti wa miezi sita alipimwa kabla ya upasuaji akakutwa na MRSA, yaani bakteria wa stafilokoka asiyesikia antibayotiki ya methisilini wala karibu dawa zote za ukoo wa penisilini. Kule bakteria huyo ni adimu, na hospitali humsaka kama mwizi. Wazazi wa mtoto walikuwa wafugaji wa nguruwe. Watafiti wakapima wafugaji 26 wa eneo hilo, wakamkuta kwa sita. Ukilinganisha na wagonjwa wa kawaida waliokuwa wakilazwa, ni zaidi ya mara 760.

Aina hiyo inaitwa CC398. Uchambuzi wa jenomu, yaani jeni zake zote, uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba asili yake ni kwa binadamu, na enzi hizo alikuwa bado anasikia dawa. Alipohamia kwa nguruwe ndipo alipookota usugu, wa methisilini na wa tetrasaikilini. Hii ya pili mnaifahamu, ile chupa ya kahawia ya duka la dawa za mifugo. Kwa hiyo sisi ndio tuliowaambukiza nguruwe, nao wakaturudishia mzigo na riba juu.

Sasa tuingie bandani. Mkitajiwa hatari, najua mnafikiria nyama. Mimi naogopa vumbi. Kwenye banda lililofungwa, vumbi ni magamba ya ngozi, chakula kilichosagika na kinyesi kilichokauka, na bakteria wamelipanda kama abiria wa daladala. Kaa humo saa chache, unaweza kutoka na MRSA puani bila kumgusa nguruwe hata mmoja. Wageni wengi wakipimwa kesho yake hawana kitu. Mwenye banda hiyo kesho haipati, maana alfajiri amesharudi kulisha.

Kuna na zinki. Watoto wa nguruwe wakiachishwa kunyonya huharisha, na Ulaya walizoea kuwawekea zinki oksaidi nyingi kwenye chakula. Si antibayotiki, kwa hiyo wakajiona wako salama. Kumbe jeni la kustahimili zinki, czrC, kwa CC398 limekaa kwenye kipande kilekile cha DNA kinachobeba usugu wa methisilini! Ukimwaga zinki unaua wanyonge, na anayebaki anazo silaha zote mbili. Umoja wa Ulaya uliikomesha kama dawa ya nguruwe Juni 2022.

Kinyesi nacho kina safari yake. Huko Illinois, Marekani, mwaka 2001 ilichapishwa kazi ya mashamba mawili yenye mabwawa ya kinyesi cha nguruwe. Jeni za usugu wa tetrasaikilini zilikutwa kwenye maji ya chini ya ardhi, hadi mita 250 kutoka bwawani. Angalieni, nimesema jeni. Bakteria wa nguruwe anaweza kufia njiani, lakini jeni lake likapokelewa na bakteria wenyeji wa ardhini ambao hawajawahi kumwona nguruwe.

Ndiyo maana wanafunzi wakija kwangu na pamba zao tayari kwa pua za nguruwe, huwatuma kwanza juu ya boriti wakakwangue vumbi, kisha wateremke kisimani.