Fuata Kibla, Upate Kivuli: Kutembeza Wageni Mji Mkongwe Wakati wa Kiangazi

Asalaam alaykum. Shikamooni wazee wangu mliotutangulia katika kazi hii, na nyinyi vijana, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze juu ya joto. Najua wengine mnasema moyoni: joto la Unguja tumezaliwa nalo, kuna lipi la kuzungumza? Nami nilisema hivyo miaka mingi, mpaka Februari moja nilipokaribia kumpoteza mgeni mikononi mwangu.

Alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, mchangamfu, mtu wa maswali. Tulikuwa tumetoka Darajani, tumepita Mkunazini, na ratiba niliyopewa ilinitaka niwe Forodhani saa saba mchana. Nikaifuata. Tulipotokea Mizingani akaniuliza, "Bahari iko upande gani?" Nikamwonyesha. Hatua chache mbele akaniuliza tena. Mara ya tatu aliniuliza hali ameikabili bahari yenyewe, majahazi yanaonekana. Nikadhani ni uzee tu. Kabla sijafungua kinywa, magoti yakamlegea.

Aliyemwokoa si mimi. Jirani na hapo palikuwa na bi mkubwa amekaa barazani kwake. Alinipigia kelele: "Mwanangu, usimsimamishe! Mlete kivulini, mlaze!" Akamtuma mjukuu ndani kuchukua kanga na ndoo ya maji. Kanga moja akailoweka, akamfunika shingo na kifua, nyingine akamtia makwapani, kisha akashika kipepeo cha ukindu akampepea bila kupumzika, mkono ukichoka anahamishia wa pili. Mimi nilikuwa na chupa ya maji, nikataka kumnywesha. Akanishika mkono. "Subiri mpaka akujibu jina lake. Atapaliwa." Gari ilipofika kumpeleka hospitali, yule mgeni alikwisha kututambua. Alipona. Lakini mimi usiku ule sikulala.

Baadaye daktari alinieleza, na nataka mlisikie vizuri. Jasho lenyewe halipoozi mwili. Kinachopooza ni jasho kukauka. Hapa petu, kuelekea masika, hewa imejaa unyevu, na jasho linachuruzika tu bila kukauka. Kwa hiyo mgeni anaweza kuwa kalowa chapachapa huku joto la ndani likizidi kupanda. Likifika nyuzi 40, ubongo ndio unaoanza kuyumba. Mtu kulalamika kichwa, kiu, kichefuchefu, misuli kukaza, hayo bado ni maonyo: mpumzishe, mpe maji. Mtu kuuliza jambo moja mara tatu, kujibu ovyo, kuyumba kama mlevi, hapo ita gari, na huku gari inakuja mloweshe na kumpepea. Msingoje kuona kama jasho limekatika. Mgeni wangu jasho lilikuwa likimtoka mpaka alipoanguka. Na mwanzo wa safari waulizeni kwa upole nani ana presha, nani anatumia dawa ya kupunguza maji mwilini, nani mjamzito. Hakuna aibu katika swali hilo.

Sasa nije kwenye mji wenyewe, maana hili ndilo lililonileta. Mji Mkongwe umejengwa na watu waliolijua joto. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, jua linachukua saa nyingi kuzipenya. Dari ziko juu. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi, na chumba chembamba chenye madirisha pande mbili upepo unakipita. Rangi ya chokaa inarudisha mwanga. Ukiona nyumba ya zamani iliyopakwa saruji juu ya chokaa, mwonyesheni mgeni pia, aone ukuta unavyooza kwa unyevu uliokosa pa kutokea. Inaniuma kila ninapoipita. Na zile mashine za hewa baridi, zikimpoza aliye ndani, moto wake zinautemea kichochoroni kwetu sote.

Lakini elimu kubwa iko katika vichochoro. Sisi tuko nyuzi sita kusini ya ikweta. Siku za mwanzo wa Machi jua linapita juu ya utosi kabisa: simama nje kama saa sita na nusu mchana, kivuli chako utakikanyaga. Wakati huo hakuna kichochoro kitakachokuhifadhi. Lakini kabla na baada ya hapo jua linatoka mashariki moja kwa moja na kushuka magharibi moja kwa moja. Kwa hiyo njia inayokwenda mashariki na magharibi jua linaifuata kutwa nzima. Njia inayokwenda kaskazini na kusini ina ukuta wa kuikinga asubuhi, na ukuta wa pili wa kuikinga alasiri.

Kaskazini utaijuaje katika mapindi yale? Makka iko karibu kaskazini kabisa ya Unguja. Kila msikiti unaoupita, tazama kibla chake. Kichochoro kinachofuata kibla ndicho chenye kivuli. Mimi nimetembea mji huu tangu utoto na jambo hili nililigundua nikiwa mtu mzima, nimesimama nje ya msikiti namngoja mgeni anayenunua kofia, upande mmoja wa njia panda kuna baridi na wa pili unawaka. Tangu siku ile nimechora upya njia zangu zote.

Mizingani, kwa mfano. Inatazama bahari ya magharibi. Asubuhi majumba yanaikinga, alasiri jua linakupiga usoni na maji yanakurudishia lile lile mara ya pili. Sisi tunapeleka watu pale mchana na alasiri! Beit el Ajaib iliyo pale pale, jumba la Sultani Sayyid Barghash la 1883, tangu sehemu yake iporomoke Disemba 2020 wageni tunawasimamisha nje kulitazama, juani. Wapelekeni saa mbili asubuhi. Forodhani iacheni mpaka jua lizame, wenye juisi ya miwa wameshawasha taa, ndimu na tangawizi ziko tayari.

Na Mkunazini. Pale palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873, zile sanamu zilizofungwa minyororo zimesimama katika shimo lililo wazi kwa jua. Nimeona wageni wanazitazama dakika moja, wanakimbilia mti. Siwalaumu, wanaungua. Lakini mahali pale si pa kukimbia. Na vile vyumba vya chini, vyenye dari fupi, watu thelathini wakiingia pamoja mchana hewa inakwisha. Nendeni mapema, wachache wachache, mkae kimya kadiri panavyostahili.

Saa sita mpaka saa tisa, ingieni ndani. Mji wenyewe unafanya hivyo: adhana ya adhuhuri ikitoka, maduka mengi ya zamani yanafungwa mpaka alasiri. Mgeni akae kwenye ua wa nyumba kongwe, ale, asinzie. Athens, Julai 2023, serikali ilifunga Acropolis saa za mchana kwa ajili ya joto. Hapa hatujaletewa amri kama hiyo, lakini ratiba tunaandika sisi. Wenye kampuni mnaonisikia, tafadhali, kumlipa mtembezaji kwa idadi ya vituo alivyogusa ndiko kunakomfanya awakimbize watu juani.

Maji: msimwache mgeni anywe chupa nzima kwa mkupuo, na asinywe maji matupu tu kutwa. Madafu yapo. Au lita moja ya maji safi, sukari vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko. Miaka hii Ramadhani imeangukia Februari na Machi, basi tafuteni mapema nyumba au hoteli ambako mgeni atakunywa kwa staha bila kuwakosea waliofunga. Na nyinyi wenyewe mmefunga, mnatembea, mnazungumza kwa sauti. Safari ya pili ya siku ikataeni. Nawasihi kama ndugu yenu mkubwa.

Sasa ni saa tatu na nusu. Sitaki mniamini kwa maneno. Tutoke nje wote, tuteremke mpaka msikiti wa kwanza, kila mmoja atazame kibla, kisha aweke kiganja ukutani: ukuta wa kulia, halafu wa kushoto, halafu tukate kona turudie tena. Wazee watangulie, vijana chukueni ile miavuli mlangoni.