Foleni ya Montréal, Masikio ya Windsor

Mheshimiwa mwenyekiti, na ndugu zangu mliofika, walionisikia zamani watanivumilia, kwa maana nimekuja na hoja ileile: kituo cha redio hakiwi cha mkoa kwa sababu tu mnara wake umesimama mkoani. Kinakuwa cha mkoa pale mwandishi anapotumwa kukaa katika baraza la mji hadi usiku, akasikiliza mjadala wa mitaro ya maji machafu mpaka mwisho, na asubuhi akawaeleza wananchi kwa lugha yao kilichoamuliwa.

Chukueni CBEF, kituo cha Radio-Canada, yaani utangazaji wa umma wa Kanada kwa Kifaransa, kilichofunguliwa mwaka 1970 mjini Windsor, kusini-magharibi mwa Ontario. Wasema Kifaransa wa ukingo ule wa mto Detroit hawakufika jana. Makazi yao yalianza mwaka 1749, wakati hapakuwa na nchi iitwayo Kanada wala Marekani. Leo wao ni wachache katika mji wa Kiingereza, na ng'ambo ya mto vituo vya Detroit vinanguruma usiku na mchana.

Sasa fikirini mama wa Belle River, jirani na Windsor, anayempeleka mtoto shule asubuhi, akafungulia redio ya Kifaransa, akaambiwa kuwa magari yamekwama katika daraja la Champlain. Daraja hilo liko Montréal, karibu kilomita 900 kutoka alipo! Daraja linalomhusu ni la Ambassador, ambalo tangu mwaka 1929 linaunganisha Windsor na Detroit, na malori yakizuiliwa pale, viwanda vya magari vya pande zote mbili hukosa vipuri. Afanye nini na foleni ya Champlain? Aishukuru kwa kuwa imetangazwa kwa Kifaransa fasaha? Atageuza masafa hadi kituo cha Kiingereza, kwa kuwa anataka kufika. Na mtoto aliyeko kiti cha nyuma atajifunza, bila kufundishwa na mtu, kwamba Kifaransa ni lugha ya nyumbani kwa bibi na Kiingereza ndiyo lugha ya mambo yanayotokea.

Yupo atakayeniambia kwamba siku hizi kila mtu ana simu, na habari zimejaa mtandaoni. Namuuliza: hizo habari za mtandaoni aliziandika nani? Simu haihudhurii kikao cha baraza. Mwingine atasema wasikilizaji ni wachache mno kwa gharama hiyo. Lakini wangekuwa wengi, mfanyabiashara angewafuata mwenyewe na matangazo yake ya sabuni, nasi tusingehitaji redio ya umma.

Mwaka 2009 Radio-Canada na mwenzake CBC, ambao ni shirika moja, walipungukiwa dola milioni 171 na kutangaza kupunguza hadi nafasi 800 za kazi. Huko Windsor vipindi vya hapohapo vilishuka kutoka saa 36 na nusu kwa wiki hadi saa 5. Ulikuwa ni mwaka uleule kampuni za magari za Chrysler na General Motors walipokimbilia ulinzi wa sheria ya ufilisi, yaani mji ulipohitaji habari zake kuliko wakati wowote, ndipo walio wachache walipopunguziwa sauti. Wananchi wakaunda kamati, SOS CBEF, wakafika mahakamani. Hukumu ya mwaka 2014 niliipenda. Ya rufaa iliyoitengua mwaka 2015 sikuipenda, na mwenyekiti ameniomba nisiirudie leo. Kilichobaki mkononi ni sharti la leseni ambalo tume ya utangazaji, CRTC, iliweka mwaka 2013: angalau saa 15 za vipindi vya Windsor kila wiki.

Sisi wa Bujumbura na Bukavu, tulioingia Kanada kwa mlango wa Kifaransa, tusidhani kesi hiyo ni ya wazee wa Pointe-aux-Roches, kijiji cha wasema Kifaransa karibu na Windsor, peke yao.

Nilitaka pia kueleza CKSB, redio ya Kifaransa ya Saint-Boniface huko Manitoba, iliyoanza mwaka 1946 kwa michango ya wananchi kabla Radio-Canada haijaichukua, lakini naona kengele imeshikwa. Basi nimalize na hesabu moja: saa 15 zikigawanywa kwa siku tano za kazi ni saa tatu kwa siku, na Jumamosi inabaki mikono mitupu. Mwenye swali aanze na Jumamosi.